Jinsi ya Kupima Nani Anabeba Lawama ya Uzinzi, na Kama Sheria Inapaswa Kuuadhibu

Anayeitwa kuamua jambo la uzinzi, awe mzee wa ukoo, mshenga, kiongozi wa dini, rafiki wa pande zote mbili au mwananchi aliyeulizwa maoni kuhusu muswada, hukabidhiwa maswali matatu yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni nani aliyekosa. La pili ni nani anamdai nani, na anamdai nini. La tatu ni kama dola, kwa polisi wake, mahakama zake na magereza yake, ina kazi yoyote hapo. Mabishano mengi hayaishi kwa sababu mmoja anajibu swali la kwanza huku mwenzake akijibu la tatu: anayesema "asifungwe" husikika kana kwamba amesema "hakukosa", ilhali hakusema hivyo. Lifungue furushi hilo kwanza, uyajibu maswali kwa zamu bila kuruka.

Lipe jambo jina lake

Kiswahili kina maneno kadhaa hapa, na kuyachanganya ni kuharibu kesi kabla haijaanza. Zinaa, kama inavyotumika katika mafundisho ya Kiislamu, hukusanya kila tendo la ndoa linalofanyika nje ya ndoa, hata kwa watu ambao hawajawahi kuoa wala kuolewa. Uasherati kwa kawaida husemwa kwa upotovu wa namna hiyo kwa ujumla. Uzinzi husemwa zaidi pale ambapo angalau mmoja kati ya wawili ana mwenzi wake. Ugoni ni kulala na mke au mume wa mtu, ndiyo maana mahakamani tunasikia habari za fidia ya ugoni na si fidia ya uasherati. Ukishajua unazungumzia kipi, uliza kama kweli kilitokea au ni ujumbe wa simu uliosomwa usiku wa manane na kufasiriwa kwa hasira.

Kisha uliza jambo ambalo vikao vingi hulisahau: je, wote wawili waliridhia? Aliyelazimishwa hakuzini, kabakwa, na hapo mazungumzo ya uzinzi yanakoma na mengine yanaanza. Hili si tahadhari ya bure. Nchini Pakistan, baada ya amri za Hudud, yaani sheria za adhabu za Kiislamu, za mwaka 1979, wanawake walioshtaki kubakwa na kushindwa kuthibitisha walijikuta baadhi yao wakishtakiwa wenyewe kwa zinaa, mpaka sheria ya mwaka 2006 ilipolirudisha kosa la ubakaji katika kanuni ya kawaida ya adhabu. Mwajiri na mwajiriwa wake, mwalimu na mwanafunzi wake, mfadhili na anayemtegemea kwa mkate wa kila siku: katika hali kama hizo hata neno "ndiyo" linahitaji kuchunguzwa lilitoka wapi.

Angalia pia hali ya ndoa yenyewe siku hiyo. Wapo waliokwisha kutengana miaka mingi bila karatasi ya talaka, na wapo waliokuwa bado wanakula sahani moja. Tendo linaweza kuwa lilelile, lakini uzito wake si uleule.

Fuata ahadi, si hasira

Kipimo ninachokitumia ni hiki: lawama humwendea kwanza yule aliyetoa ahadi. Ndoa ni maagano ya watu wawili waliosimama mbele ya mashahidi wakajifunga wao kwa wao. Mtu wa tatu hakuwapo pale akiapa chochote. Hivyo mume aliyetoka nje amevunja neno lake mwenyewe, na mke aliyetoka nje vivyo hivyo, na hakuna hoja ya "alinishawishi" inayoweza kulihamisha neno hilo kutoka kinywani mwa aliyelitamka. Najua jambo hili huwa gumu kulikubali kwa aliyeumizwa, kwa maana ni rahisi zaidi kumchukia mgeni kuliko mtu ambaye kesho asubuhi utaamka naye. Ndiyo sababu hasira nyingi humwangukia hawara, zikamwacha mwenye ndoa akiwa ameketi pembeni kama mtoto aliyeibiwa.

Hata hivyo mtu wa tatu hatoki mikono mitupu. Lawama yake ipime kwa kile alichokijua. Asiyejua, na ambaye asingeweza kujua hata angekuwa mwangalifu, ni mtu aliyedanganywa, na huenda yeye naye ana madai dhidi ya aliyemficha. Aliyejua akanyamaza ameshiriki kuumiza nyumba ya mwingine, na lawama yake ni ya kweli ingawa ni ya namna tofauti: hakuvunja ahadi yake, amemsaidia mwenzake kuvunja ya kwake. Aliyejua kisha akatumia cheo, fedha au vitisho kumvuta mwenye ndoa amefanya zaidi ya kushiriki. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakitambua kipimo hiki: inamruhusu mume au mke kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake, lakini madai hutupwa ikithibitika kwamba mdaiwa hakujua, na kwa uangalifu wa kawaida asingeweza kujua, kuwa alikuwa na mtu mwenye ndoa.

Sasa yule aliyesalitiwa. Hapa ndipo wasuluhishi hupotea, kwa sababu ukizungumza na kila upande peke yake utapata hadithi mbili zenye mantiki. Mwamba ngoma huvutia kwake. Utaambiwa kwamba alikuwa mkali, alikuwa hayupo, alimnyima mwenzake unyumba, aliacha kumtunza. Yasikilize yote na uyaandike, kwa kuwa huenda ni kweli na huenda ni makosa makubwa yanayostahili kikao chake. Lakini usiyatumie kulipia deni lisilo lao. Uliza swali moja: kabla ya kufika kule, njia gani nyingine zilikuwa wazi? Kusema, kuita wazee, kutengana, kuomba talaka. Kama zilikuwepo, basi ukali wa mwenzi unaeleza kwa nini ndoa ilikuwa chungu; hauelezi kwa nini ilichaguliwa njia ya siri. Kama hazikuwepo, kwa mfano mtu aliyenyimwa talaka kwa miaka huku akipigwa, hesabu inabadilika, na msuluhishi mwenye haki atalisema hilo wazi badala ya kujificha nyuma ya usawa wa maneno.

Kuna hali moja tu ambapo mwenzi hubeba tendo lenyewe: pale aliporidhia au kulipanga. Yupo anayemsukuma mwenzake kwa tajiri ili wapate riziki, kisha hujitokeza kudai fidia. Huyo hana madai, na sheria niliyoitaja inamkatalia pia.

Geuza majina kabla ya kutoa uamuzi

Ukimaliza kugawa lawama, fanya jaribio dogo. Chukua maelezo yote, mpe mume nafasi ya mke na mke nafasi ya mume, kisha usome upya. Kama uamuzi wako umebadilika, ulikuwa unahukumu jinsia ya mtu badala ya tendo lake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jaribio hili ni muhimu kwa sababu sheria nyingi za uzinzi zimelishindwa waziwazi. Kanuni ya adhabu ya Ufaransa ya mwaka 1810 ilimfunga mke mzinzi kati ya miezi mitatu na miaka miwili. Mume alitozwa faini tu, tena iwapo alimweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa. Mpangilio huo ulidumu hadi mwaka 1975. Japani ilimwadhibu mke mzinzi na mwanamume aliyezini naye, bila kumgusa mume mzinzi aliyelala na asiyeolewa, mpaka kosa hilo lilipofutwa mwaka 1947. Nchini Ufilipino hadi leo uzinzi wa mke ni kosa kwa tendo moja, na wa mume huwa kosa pale tu alipomweka mwanamke katika nyumba ya ndoa, kuishi naye mahali pengine, au kufanya tendo hilo kwa kashfa. Uganda ilikuwa na kifungu kilichomwona mwanamume mwenye ndoa hana hatia akilala na msichana asiyeolewa, huku mke akitiwa hatiani kwa mwanamume yeyote; Mahakama ya Katiba ilikibatilisha mwaka 2007.

Kifungu cha 497 cha kanuni ya adhabu ya India ndicho kinachofundisha zaidi. Kilimwadhibu mwanamume aliyelala na mke wa mtu bila idhini ya mume wake, kwa kifungo cha hadi miaka mitano, na mke hakuweza kushtakiwa hata kama mshiriki. Wengi walidhani ni huruma kwa wanawake. Soma tena maneno "bila idhini ya mume": mume akiridhia, hakuna kosa. Kilicholindwa ni mali ya mume, na mke alikuwa ndiyo mali yenyewe. Mwaka 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikihifadhi kifungu hicho kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Y. V. Chandrachud; mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilikifuta, na miongoni mwa majaji watano alikuwemo D. Y. Chandrachud, mwanawe.

Wanaotegemea maandiko matakatifu nao wana jambo la kusoma kwa makini. Mambo ya Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Katika Yohana sura ya 8, waliomleta mwanamke "aliyefumaniwa katika tendo lenyewe" walimleta peke yake, na mtu hujiuliza yule mwanamume alipitia mlango gani. Surat An-Nur aya ya 2 inamtaja mzinifu mwanamke na mzinifu mwanamume pamoja. Upendeleo, basi, haukuanzia katika maandishi hayo. Uliingia katika utekelezaji.

Tenganisha mikono mitatu ya sheria

Unapoulizwa kama sheria iadhibu, jibu kwanza kwa swali: sheria ipi? Ipo ya jinai, inayofunga au kutoza faini. Ipo ya madai, inayomlipisha mtu fidia. Na ipo ya familia, inayovunja ndoa na kugawa mali na malezi. Mtu anaweza kuikataa ya kwanza na kuikubali ya tatu bila kujipinga.

Katika jinai, wape wanaoitetea haki yao. Wanasema ndoa si jambo la faragha tupu kwa kuwa hufungwa hadharani na huzaa wajibu kwa watoto na jamii. Wanasema sheria hufundisha. Na wanasema dola isipoadhibu, aliyesalitiwa ataadhibu kwa panga. Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, lakini ukiitazama vizuri inadai sheria kali dhidi ya panga.

Halafu uliza ushahidi utatoka wapi. Uzinzi hufanyika palipofungwa. Sheria ya Kiislamu yenyewe ilitaka mashahidi wanne, ikamwekea mapigo 80 anayesingizia bila kuwaleta, na kwa mume asiye na shahidi ila nafsi yake ikaweka utaratibu wa viapo ambao mke anaweza kuujibu kwa viapo vyake. Kizingiti kirefu namna hiyo kinaonyesha hofu kubwa ya kusingiziwa. Kizingiti kikishushwa, kinachobaki kuwa ushahidi ni mwili, na mwili unaoonyesha ni wa mwanamke. Mwaka 2002 kaskazini mwa Nigeria, Amina Lawal alihukumiwa kupigwa mawe kwa kuwa alizaa nje ya ndoa. Mwanamume aliyemtaja alikana akaachiwa. Mahakama ya rufaa iliifuta hukumu hiyo Septemba 2003. Mtoto mmoja, wazazi wawili, mshtakiwa mmoja. Sijawahi kuona kifungu kinachoweza kuondoa tatizo hilo kwa uandishi mzuri.

Uliza pia nani anashika ufunguo wa kesi. Korea Kusini iliweka kifungo cha hadi miaka miwili tangu mwaka 1953, kesi ikitegemea malalamiko ya mwenzi aliyedai talaka. Malalamiko yakiweza kuondolewa, hugeuka bidhaa ya kujadiliana bei: nilipe nikusamehe, niachie nyumba nisikufunge. Mahakama ya Katiba ililikataa mara kadhaa shauri la kukifuta kifungu hicho cha sheria. Mwaka 2008 majaji watano kati ya tisa walikiona kinapingana na katiba, wakapungua mmoja kwa idadi iliyohitajika. Februari 2015 wakafika saba. Taiwan ilikuwa na jambo la ajabu zaidi: mlalamikaji aliweza kumwondolea mwenzi wake mashtaka na kuendelea kumshtaki mtu wa nje. Kwa hiyo aliyevunja ahadi alirudi nyumbani, na asiyeapa kitu akabaki kizimbani. Kifungu hicho kilianguka Mei 2020.

Zipo pia sheria zinazolala. Jimbo la New York lilikuwa na kosa la uzinzi tangu mwaka 1907 na halikulifuta mpaka Novemba 2024, ingawa karibu hakuna aliyeshtakiwa. Msidhani sheria inayolala haina madhara. Huamshwa na anayetaka kumtisha mtu fulani, kwa siku anayoichagua yeye.

Uamuzi wangu ni kwamba gereza halina kazi hapa. Likimfunga mwenye ndoa, linawanyima watoto mzazi na mtunzaji kwa jina la kuwalinda. Likimfunga mtu wa nje pekee, linafanya kosa la Taiwan. Indonesia imechukua njia tofauti kwa kanuni iliyopitishwa Desemba 2022, ambayo inahesabu kuwa jinai tendo la nje ya ndoa iwapo mwenzi, mzazi au mtoto atalalamika. Anayetaka kujadili upande wa pili aisome hiyo, kwa kuwa angalau haichagui jinsia.

Kuhusu fidia nina shaka, si upinzani kamili. Mizizi yake si mizuri: Uingereza ilikuwa na shauri ambalo mume alimdai mwanamume mwingine kwa kumharibia mke, mke akitajwa kama shamba lililovamiwa, na mabaki ya madai hayo yalifutwa mwaka 1970. Afrika Kusini iliyaondoa mwaka 2015. Mahali ambapo madai hayo bado yapo, masharti yanayofaa ni matatu: mke na mume wadai kwa usawa, mdaiwa awe alijua, na kiasi kisiwe cha kukomoa. Sheria ya Tanzania inakataza fidia ya ugoni kuwa na sehemu ya adhabu ndani yake, na hilo ni jambo la busara, maana fidia ikipanda sana huwavuta watu kutega mafumanizi.

Katika sheria ya familia uzinzi una mahali pake halali. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, bado inaukubali kuwa sababu ya talaka. Uingereza na Wales tangu Aprili 2022 hazimtaki mtu athibitishe kosa lolote. Mimi naona njia ya pili inapunguza aibu ya kuanika vitanda mahakamani, ilimradi mali ya familia iliyotumiwa kwa hawara ihesabiwe wakati wa kugawana. Hilo ni deni linaloweza kupigiwa hesabu kwa risiti, bila kumwuliza mtu alilala wapi.

Mahali ambapo sheria lazima ije mbio

Kuna mambo yanayoambatana na uzinzi ambayo ni jinai bila ubishi, na mara nyingi hutendwa na aliyesalitiwa au jamaa zake. Kuvamia, kupiga, kuvua watu nguo, kuwapiga picha na kuzisambaza, kumfungia mtu chumbani hadi alipe: hakuna ugoni unaohalalisha hata moja. Kanuni ileile ya Ufaransa ya mwaka 1810 ilimpunguzia sana adhabu mume aliyemuua mke na mgoni wake alipowafumania nyumbani kwake, na mke hakupewa nafuu ya namna hiyo. Popote unapokuta mabaki ya wazo hilo, hata katika lugha ya "alikasirika mno", lisemee.

Ukiitwa kwenye fumanizi, kazi yako ya kwanza ni kuwatenganisha watu, ya pili ni kuondoa simu zinazorekodi, na ya tatu ni kuahirisha mazungumzo mpaka siku nyingine. Usikubali makubaliano yoyote ya fedha yanayoandikwa saa hiyo, kwa kuwa saini ya mtu aliyezungukwa na wenye hasira haina thamani. Ikiwa kuna hofu ya maradhi, mshauri kila mmoja apime kabla ya kurudiana, na usilifanye hilo kuwa tusi.

Anayetaka kudai talaka au fidia kwa sababu ya uzinzi aandike kwanza kwenye karatasi anachokitaka hasa: kuachana, kulipwa, kurudiana, au kumwona mwenzake akiaibika. Wakili anaweza kumsaidia katika matatu ya mwanzo. Ajue pia kwamba mahakama huuliza alifanya nini baada ya kujua, na kwamba kuendelea kuishi pamoja kwa muda mrefu kama waliosameheana kunaweza kudhoofisha madai yake.

Jambo la mwisho la kupanga kabla ya kikao kufungwa ni watoto, pamoja na yule aliyezaliwa nje kama yupo. Huyo hana sehemu yoyote katika lawama mliyoigawa, wala katika fidia. Chagueni mtu mmoja atakayezungumza nao, mkubaliane maneno machache ya kweli yanayolingana na umri wao, na kila mzazi aahidi mbele ya kikao kwamba hatawatumia kupeleka salamu wala kuleta habari.